Rangi yatua kama mchanga, mara yatema maji: ebrashi na hewa ya Lamu

Swali limetoka kwa msomaji wa Lamu, mtaa wa Langoni:

"Assalamu aleikum, mwalimu. Mimi ni fundi wa vijahazi vya mapambo. Mteja ametaka jahazi la sentimita 75 lenye mabaharia saba. Nimewachonga kwa mbao, kila mmoja ana urefu wa kama sentimita 8. Nilipowapaka kwa brashi ya mkono nyuso zilitoka kama zimepakwa majivu, basi nikanunua ebrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, ya sindano ya milimita 0.3 na kompresa ndogo yenye tangi la lita 3. Sasa rangi yatua kama mchanga, mara nyingine yatema matone ya maji, na nikisogea karibu yatawanyika kama miguu ya buibui. Video nimefuata hatua kwa hatua. Je, nimeuziwa kitu kibovu?"

Wa aleikum salaam, fundi mwenzangu. Kwa dalili hizo hujauziwa kibovu. Ebrashi mbovu huvuja kwenye kikombe chake cha rangi, hutoa mapovu, au hupiga upande mmoja kama mtu mwenye kengeza. Yako inafanya kazi, tatizo ni hewa unayoilisha na hewa inayokuzunguka. Hao wa kwenye video wamekaa vyumba vya nchi za baridi, hewa yao kavu, dirisha limefungwa. Wewe umekaa kisiwani. Mimi mwenyewe nilijifunzia mkono kwa kupiga spre milango ya matatu Mombasa, kwa rangi za thina na bunduki kubwa, na nilipohamia Malindi na kuanza vinyago vidogo nilidhani najua kila kitu. Mwezi wa kwanza mzima nilitema maji kama wewe.

Tuanze na hayo maji, kwa kuwa ndiyo yanayoharibu kazi iliyokwisha kuwa nzuri.

Umeona chupa ya soda ikitolewa frijini inavyotokwa jasho mezani. Lile jasho halikutoka ndani ya chupa, lilikuwa hewani. Kompresa inavuta hewa hiyo hiyo na kuibana. Hewa ikibanwa hupata moto, na ikiwa moto maji yaliyomo hubaki mvuke, huyaoni. Kisha inaingia kwenye mpira, inapoa njiani, na ule mvuke unageuka matone. Matone yanajikusanya, yanasukumwa, na siku unapomalizia pua ya nahodha ndipo yanapotoka.

Sasa tazama chujio lako la maji limefungwa wapi. Nakisia liko pale pale juu ya kompresa, pamoja na geji, maana ndivyo hizi ndogo zinavyouzwa. Mahali hapo hewa ingali moto, kwa hiyo chujio linachuja kidogo tu na mvuke mwingi unapita. Dawa yake ni kuipa hewa nafasi ipoe kwanza. Tumia mpira mrefu, mita 3 si nyingi. Uviringishe sakafuni, mahali penye kivuli, na uhakikishe mkunjo wa mpira uko chini kuliko mkono wako ili maji yakae pale badala ya kupanda. Halafu nunua chujio dogo la pili, lile linalofungwa chini ya ebrashi yenyewe kama mpini. Hilo la pili ndilo litakaloshika maji. Na kila ukimaliza kazi, fungua skurubu iliyo chini ya tangi hewa ingali kidogo ndani, maji yatoke. Siku za mwaka, mvua za Aprili mpaka Juni, mimi humwaga hata mara mbili kwa siku. Yakitoka na rangi ya chai ya rangi, tangi limeanza kula kutu kwa ndani, na hapo ujue umechelewa kumwaga kwa miezi.

Shida ya pili, mchanga, ni kinyume cha ya kwanza. Huku mpira umejaa maji, huku rangi yako inakauka kabla ya kufika. Tone la rangi linalotoka kwenye nozeli, kile kitundu cha mbele, ni dogo mno. Joto na upepo vikilikuta njiani, linafika kwa baharia likiwa vumbi, nalo haliwezi kutandazika. Ukipitisha kidole unahisi msasa. Mambo matatu huleta hali hiyo: rangi nzito, shinikizo kubwa, na umbali. Kwa sindano ya 0.3 anza na psi 15 hadi 18 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa) kwa rangi za kawaida. Ukitaka mistari na vivuli vidogo shuka mpaka 10 au 12, lakini hapo rangi lazima iwe nyepesi zaidi. Geji yako ikiwa ya bar, bar 1 ni kama psi 14.5. Umbali wa kinyago cha sentimita 8 ni vidole vitatu hivi. Kiganja kizima ni mbali, ni kwa praima tu, ile rangi ya kwanza ya chini.

Uzito wa rangi wataalamu wa Ulaya huupima kwa maziwa. Mimi nakupa kipimo cha jikoni kwetu. Rangi ya akriliki inavyotoka kwenye chupa ni tui zito. Unachotaka ni tui la pili, lile unalopata baada ya kurudishia maji machicha na kukamua tena: linapita kwenye kifumbu bila kusukumwa, lakini bado ni jeupe, bado lina mwili. Liweke tone kwenye ukuta wa kikombe. Likiteremka taratibu na kuacha utando mwembamba nyuma yake, limekuwa. Likiganda ni zito. Likikimbia na kuacha ukuta mtupu, umelivuka, na hilo ndilo linalokuletea buibui. Kwa rangi nyingi za chupa hiyo huja karibu na nusu kwa nusu na thina yake. Kwa kazi ya vivuli, sehemu moja ya rangi kwa mbili au tatu za thina.

Thina yenyewe, hii ya akriliki na si ile kali ya milango ya matatu, ukiweza, nunua ya kampuni ile ile ya rangi. Ukikosa, tumia maji ya betri, yale yasiyo na kitu ndani, wala si asidi ya betri. Soma chupa, maana madukani huwekwa pamoja. Maji ya kisima yaache. Hata yawe matamu, yana chumvi na chokaa vyake, na vikikauka huacha ukungu mweupe kwenye ngozi ya baharia ambao utahangaika nao bila kujua ulikotoka.

Ipo pia gliserini, hii hii ya duka la dawa. Tone moja kwa kikombe kizima huchelewesha rangi kukauka, ikasaidia sana wakati wa kaskazi upepo unapopuliza mchana kutwa. Tone moja, nasema. Gliserini hunywa maji kutoka hewani, na kwa unyevu wa Lamu ukizidisha, mabaharia wako watanata vidole mpaka Ramadhani ijayo.

Buibui basi huletwa na haya: rangi nyepesi, shinikizo kubwa, karibu mno, na kidole kimevuta sana. Ukisogea karibu punguza hewa na punguza rangi kwa pamoja. Hicho kifyatulio chako kina kazi mbili. Kubonyeza chini kunaleta hewa. Kuvuta nyuma kunarudisha sindano, ikaacha mwanya kwenye nozeli, na hewa inayopita kwa kasi pembeni ndiyo inayofyonza rangi kutoka. Hapana pampu ya rangi humo ndani. Muundo huu wa hewa na rangi kukutana ndani ya kichwa cha kalamu si wa jana, Charles Burdick, mchoraji wa rangi za maji, alipata hataza yake miaka ya 1890. Kanuni ya mkono nayo ni ile ile tangu hapo: hewa kwanza, hewa mwisho. Bonyeza, kisha vuta. Rudisha mbele, kisha achia. Wengi huachia vyote kwa mpigo, tone likabaki limening'inia kwenye ncha ya sindano, na ukibonyeza tena ndilo linaloruka. Pengine nusu ya matone unayoyaita maji ni hayo. Utayatofautisha kwa rangi: tone la mpira huja safi au hafifu, tone la ncha huja limekolea.

Kabla hujamgusa baharia, kaa na karatasi nyeupe jioni mbili. Piga nukta, safu kwa safu, mpaka zitoshane. Kisha unganisha nukta mbili kwa mstari mwembamba unaofifia mwishoni. Inachosha, najua. Hata hivyo karatasi ni bei rahisi kuliko mbao ulizochonga, na karatasi inakuambia shida kabla ya kinyago. Na uwe na kitambaa chenye thina pembeni: kila dakika chache futa ncha ya sindano, maana akriliki kwenye joto letu huota ndevu pale mbele, na dawa ya ndevu hizo haipo zaidi ya kufuta.

Mbao zako nazo zinataka maneno mawili. Praima ya maji ikiingia kwenye mbao tupu huinua nyuzi, na ebrashi haifichi kitu, hutandaza utando mwembamba mno. Ziba kwanza kwa sila ya mbao, ikikauka pitisha msasa laini namba 400, rudia. Hapo ndipo upige praima.

Sasa nyuso, jambo lililokuleta.

Majivu hayakutokana na brashi ya mkono, na ebrashi peke yake haitayaondoa. Yametokana na nyeupe. Umefundishwa, kama sote tulivyofundishwa, kwamba ukitaka kung'arisha rangi unaitia nyeupe na ukitaka kuitia giza unaitia nyeusi. Kwa ngozi ya mzungu hilo lapita. Kwa ngozi ya baharia wa pwani ni balaa: kahawia ikipata nyeupe inakuwa ya chokaa, ikipata nyeusi inakuwa masizi. Mwangalie mtu wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, anayekaza mbao juani. Mahali jua linapompiga, begani na kwenye paji, pana rangi ya asali au ya udongo mwekundu, na pale jasho linapong'aa pana buluu kidogo ya mbingu. Chini ya kidevu, kivuli chake si cheusi. Kina zambarau ndani, au damu ya mzee.

Kwa hiyo mimi huanza na giza: kahawia ya kahawa iliyokaangwa, ndani yake tone la damu ya mzee na chembe ya buluu. Hiyo inafunika kinyago kizima, kila pembe. Juu yake, kwa psi 12 na rangi nyepesi, naleta kahawia yenyewe kutoka juu tu. Kisha kahawia hiyo hiyo iliyotiwa machungwa. Mwisho manjano ya udongo, kidogo sana, kwenye mfupa wa shavu, daraja la pua, ncha ya bega, vifundo vya vidole. Nyeupe kwenye rangi za ngozi siigusi kabisa mpaka wakati wa macho, na macho ni kazi ya brashi ya mkono. Kila tabaka liwe hafifu kiasi kwamba mara ya kwanza huoni kama umepiga kitu. Rangi za namna hii, zinazopitisha iliyo chini, ndizo zinazoipa ebrashi heshima yake, brashi ya mkono haiwezi kufifisha kivuli kwa ulaini huo. Na wasiwe wa rangi moja wote saba. Jahazi gani la Lamu lina watu saba wa rangi moja?

Halafu mwanga. Wapakaji wa vinyago wana mbinu mashuhuri: unapiga praima nyeusi kote, kisha kijivu kutoka juu kwa mshazari wa nyuzi 45, kisha nyeupe kutoka juu kabisa, ili kinyago kionekane kimesimama juani hata kabla ya kutiwa rangi. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita jua la utosi bila kukopa neno. Ila hapo nyuzi 45 nina ugomvi nazo. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na tena mwishoni mwa Septemba jua la saa sita linakusimamia utosini hasa. Kivuli cha mtu kinamkaa miguuni kama mkeka. Kofia inatia uso mzima kivulini, na mwanga unaoujaza uso huo unatoka chini, umeruka kutoka majini na kwenye sitaha. Mimi kwa mabaharia wa kwetu hupiga nyeupe wima kabisa, utosini, na baadaye kutoka chini napuliza pumzi moja tu ya rangi ya joto, manjano hafifu, chini ya kidevu na chini ya mikono. Wazungu wakiona huuliza nimefanyaje. Sikubuni chochote, nilikaa barazani nikatazama.

Praima ya chini kwa ajili ya ngozi, nyeusi au kahawia yatosha. Na kwa kazi ya jahazi fanya hivi: ukishapiga nyeusi na nyeupe hizo, wapange wote saba sitahani mahali pao, tanga likiwa limepandishwa, kisha washa tochi juu yao na upige picha kwa simu. Utaona yule wa tezini, nyuma kwenye usukani, yuko juani na wale wawili walio chini ya tanga wamo gizani. Picha hiyo ndiyo ramani yako. Kumpa mtu aliye chini ya tanga mwanga sawa na aliye omo, mbele ya chombo, ndilo kosa ninaloliona kwenye vijahazi vingi vizuri, na hakuna mteja anayeweza kulitaja, lakini kila mmoja anahisi pana kitu hakijakaa.

Vikoi piga rangi ya chini kwa ebrashi na vivuli vya mikunjo, lakini mistari ichore kwa mkono. Ukijaribu kuziba kwa utepe kwenye mikunjo ya mbao utalia.

Wakati wa kazi. Akriliki za maji piga alfajiri au asubuhi mapema, kabla joto na upepo havijaamka. Vanishi ya thina kali usiipige saa hizo kamwe. Thina ikiruka inapoza uso wa kinyago ghafla, unyevu wa hewa unatua pale pale, na vanishi inageuka ukungu. Nilipoteza hivyo wavuvi wanne wa mteja mmoja, mwezi wa Mei, mvua imetoka tu kunyesha. Nilipiga vanishi isiyong'aa saa kumi na mbili asubuhi na saa moja walikuwa kama watu waliotoka kinu cha unga. Tabaka la vanishi inayong'aa liliwarudisha kidogo, si wote. Subiri siku kavu, saa nane mchana, tabaka jembamba, au tumia vanishi ya maji na umalize mjadala.

Thina hiyo kali ikiingia, na hatari inaingia. Usipulizie thina hiyo wala rangi zake ndani ya chumba, wala karibu na jiko, wala chini ya paa la makuti mtu akivuta sigara. Mvuke wake unawaka, na Lamu nyumba zinagusana. Kiwandani, ule ua wa katikati ya nyumba, upepo huzunguka na kukurudishia, afadhali juu darini palipo wazi. Akriliki ya maji haiwaki lakini mapafu hayana haja nayo pia. Vaa barakoa yenye vichujio vya mkaa pamoja na vya chembe ndogo, ile ya kitambaa ni ya vumbi la barabarani. Katoni kubwa iliyotobolewa nyuma na feni ndogo ikivuta kwenda nje inatosha kwa akriliki.

Kusafisha sitarefusha. Kati ya rangi na rangi, mwaga, suuza, ziba mdomo wa mbele kwa kitambaa na ubonyeze ili mapovu yarudi kikombeni, mwaga tena. Mwisho wa siku toa sindano, ifute kutoka kwenye unene kwenda kwenye ncha, usirudi nyuma. Ncha ikipinda hata kidogo, rangi itaenda kando. Nozeli usiichokoe kwa pini wala waya, na usiikaze kwa nguvu, uzi wake wa skurubu ni mwembamba na ukikatika umenunua nozeli nyingine kutoka ng'ambo. Mapovu yakitokea kikombeni bila wewe kuziba, nozeli haijakaa vizuri. Nta ya nyuki kidogo kwenye uzi huziba. Ebrashi ikishakauka ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya, maana hewa ya chumvi haioni haya kula chuma cha mtu.

Hao saba ulionao usiwatupe. Majivu ya nyuso funika kwa ile kahawia ya giza, mchanga uliotua upitie msasa mkavu kwanza, taratibu, masikio na pua visipotee. Na uanze na wale wawili wa chini ya tanga, ambao giza litawasitiri makosa. Nahodha muache wa mwisho, siku ambayo karatasi imekubali, kikombe kina tui la pili, na umeshamwaga maji ya tangi.